Wakichukua damu ya mwanangu, wataona nini?

Swali: Naishi Makorora, Tanga, nina watoto watatu. Wa pili ana miaka sita na tumeambiwa ana usonji (autism). Mdogo wake ana mwaka na nusu. Kaka yangu aliye Uingereza amenitumia video inayosema wanasayansi wanachukua damu au kipande cha ngozi cha mtoto mwenye usonji, wanazigeuza seli zake kuwa seli shina, halafu wanatengeneza ubongo mdogo maabara. Anasema kuna utafiti wa aina hiyo unaotafuta familia za Kiafrika, nikubali. Mama mkwe naye anataka nikubali ili ijulikane ugonjwa umetoka ukoo wa nani. Na hapa mjini yupo mtu anauza sindano za seli shina, anasema ni kitu kilekile. Naomba unieleze taratibu. Damu ya mkononi itawaambia nini kuhusu ubongo? Na mwanangu atapona?

Jibu: Dada yangu, nianze na swali lako la mwisho, maana najua ndilo linalokunyima usingizi. Utafiti huo hautamponya mwanao. Hata ukikubali leo na kazi yote ikaenda vizuri, hakuna dawa itakayorudi Makorora mwakani kwa ajili yake. Nalisema mapema ili haya mengine uyasome bila tumaini la bandia. Ila utafiti wenyewe ni wa kweli, na kwa maoni yangu una uzito mkubwa zaidi kwa familia kama yako kuliko kwa nyingi ambazo tayari zimeshatoa damu zao huko Ulaya na Marekani. Ndiyo maana nitajibu kwa urefu.

Shida ya kwanza ni kwamba ubongo hauchunguliki. Mtu akiumwa ini, daktari anaweza kutoa kinyama kidogo cha ini akakitazama kwenye hadubini. Ngozi vivyo hivyo, figo vivyo hivyo. Ubongo wa mtoto aliye hai hatuukati kipande ili tutazame. Na hata tungeukata, tungekuwa tumechelewa, kwa sababu mengi yanayohusika na usonji hutokea mtoto angali tumboni, wakati seli za ubongo zinazaliwa, zinasafiri kwenda mahali pake na kuanza kuungana. Kipimo cha MRI kinaonyesha umbo la ubongo, hakionyeshi seli moja inaiambia nini nyingine. Panya wa maabara wametufundisha mengi, lakini panya hana lugha, na ubongo wake hufanya kwa siku chache kazi ya kujijenga ambayo wetu huifanya kwa miezi.

Hapo ndipo damu inapoingia. Karibu kila seli ya mwanao ina nakala kamili ya vinasaba vyake: ya ngozi, ya ini, ya damu nyeupe, ya ubongo. (Seli nyekundu za damu zikishakomaa hazina kiini, kwa hiyo si hizo zinazotafutwa.) Fikiria mafundi wa nyumba moja ambao wote wamepewa ramani nzima ya jengo. Fundi bomba amefungua kurasa za mabomba, fundi umeme za umeme, na kurasa zisizomhusu kila mmoja zimebandikwa gundi. Seli ya ngozi haikupoteza maelekezo ya kujenga ubongo. Inayo, ila kurasa zake zimefungwa.

Kwamba gundi hiyo yaweza kubanduka, John Gurdon wa Uingereza alilionyesha mwaka 1962 kwa vyura: alichukua kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi, akakiweka ndani ya yai lililoondolewa kiini chake, na kikazaliwa kiluwiluwi kizima. Kwa binadamu njia hiyo ilikuwa ngumu kuitumia, na wala haikufaa, kwa sababu ingehitaji mayai. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka na Kazutoshi Takahashi, wakiwa Kyoto, Japani, walileta njia nyingine. Walianza na jeni 24, yaani vipande vya vinasaba, walizoshuku kwamba ndizo zinazozipa seli changa uchanga wake, wakaondoa moja moja, wakabaki na nne. Hizo nne zikiwashwa ndani ya seli ya kawaida ya panya, seli ile inarudi nyuma hadi hali ya kuwa bado haijaamua itakuwa nini, yaani inakuwa seli shina. Mwaka uliofuata walifanya hivyo kwa seli za ngozi ya mtu, na kundi la James Thomson kule Wisconsin, Marekani, likafika hapohapo wakati uleule. Gurdon na Yamanaka walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2012. Hakuna mimba iliyotumika, hakuna kijusi kilichoguswa. Najua hilo huulizwa sana kwetu, na ni haki kuulizwa.

Nikueleze inavyokuwa mezani, maana video hazionyeshi sehemu hii. Damu inayotakiwa ni kidogo, mililita chache tu. Seli nyeupe zinatengwa, kisha jeni zile nne zinaingizwa, mara nyingi zikibebwa na kirusi cha Sendai, ambacho hakijipenyezi ndani ya vinasaba na hupotea chenyewe kadiri seli zinavyogawanyika. Halafu ni kungoja. Seli zinakaa kwenye kisahani cha plastiki, ndani ya kabati la nyuzi 37, joto lilelile la mwili. Kwa wiki mbili hivi ukitazama kwenye hadubini huoni la maana, na seli nyingi zinakufa. Kisha mahali fulani pembeni mwa kisahani panaonekana kikundi cha seli ndogo za mviringo, zimebanana, ukingo wake umekatika safi kabisa, umejitenga na seli nyingine. Ukishawahi kukiona huwezi kukisahau. Mtafiti anakichokoa kwa ncha ya pipeti, anakihamishia kisahani kipya, na tangu hapo anakilisha kila siku. Nasema kila siku, Ijumaa, Jumapili na sikukuu ya Idi, kwa sababu seli hizi zikikosa chakula siku mbili tatu zinaharibika au zinaanza kujiamulia mambo. Majimaji ya chakula chao mara nyingi ni ya rangi ya waridi. Yakigeuka njano, ujue zimekula na zimechafua, yabadilishwe.

Kutoka hapo zinaelekezwa kuwa seli za ubongo. Zinazuiwa kupokea ishara ambazo zingezifanya kuwa ngozi au misuli, na zikishazuiwa hivyo zinaelekea zenyewe upande wa neva. Baada ya wiki kadhaa zinatoa mikono mirefu myembamba, zinashikana, na ukizitia rangi maalumu inayong'aa kalsiamu inapoingia, unaona zinawaka: moja hapa, mbili kule, kisha kundi zima kwa pamoja. Hizo ndizo nyuroni, na ni nyuroni zenye vinasaba vya mtoto yule yule, pamoja na chochote kilicho tofauti ndani yake.

Huo "ubongo mdogo" wa kwenye video unaitwa oganoidi. Madeline Lancaster na Jürgen Knoblich, wakiwa Vienna, walichapisha njia ya kuukuza mwaka 2013. Ni kidonge cheupe cha milimita chache kinachoelea. Kina tabaka za seli zinazofanana na hatua za mwanzo za ubongo wa mtoto aliye tumboni. Hakina mishipa ya damu inayokilisha, hakina macho wala masikio, hakipokei kitu kutoka duniani. Si ubongo wa mwanao na wala si mwanao. Ukitaka kumuuliza shehe au padri wako kabla ya kuamua, mpe maelezo haya kamili, usimpe maneno ya video peke yake, kwa sababu atakachokijibu kitategemea alichoambiwa.

Sasa, je, zimeshatuambia kitu? Ndiyo, na mfano wa kwanza ni wa ugonjwa wa Rett, unaowapata hasa watoto wa kike. Mtoto huanza vizuri, kisha kati ya miezi sita na kumi na minane hivi anapoteza maneno na matumizi ya mikono yake. Mwaka 1999 maabara ya Huda Zoghbi, Marekani, iligundua kwamba chanzo ni jeni moja, MECP2. Mwaka 2010 Carol Marchetto, Alysson Muotri na Fred Gage walichukua seli za ngozi za wasichana wenye Rett, wakazirudisha nyuma, wakazifanya nyuroni. Nyuroni zile zilikuwa na mwili mdogo kuliko kawaida na sinapsi chache, yaani sehemu ambazo seli moja huipa nyingine ujumbe. Walipozitia homoni inayoitwa IGF-1, sinapsi ziliongezeka. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza kabisa ya Rett, trofinetide, iliyotengenezwa kwa kuiga kipande cha mwanzo cha homoni hiyohiyo. Sitakudanganya kwamba kisahani peke yake ndicho kilichozaa dawa. Kazi ya panya na majaribio kwa watoto wenyewe yalikuwa mengi, na dawa inapunguza baadhi ya dalili, haiondoi ugonjwa. Lakini mtu alishaona kwa macho yake kwamba nyuroni ya mtoto yule ina kasoro inayoweza kusogezwa. Zamani wengi waliamini ubongo ukishajengwa hivyo, basi.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa ugonjwa adimu sana uitwao Timothy. Watoto wake huzaliwa na mapigo ya moyo yenye hatari, vidole vilivyoshikana, na wengi huwa na usonji. Tangu 2004 inajulikana kwamba chanzo ni herufi moja tu ya maandishi ya vinasaba iliyobadilika ndani ya jeni ya CACNA1C, ambayo hutengeneza mlango wa kupitishia kalsiamu kwenye ukuta wa seli. Mwaka 2011 Ricardo Dolmetsch, Sergiu Paşca na wenzao wa Stanford walitengeneza nyuroni kutoka kwenye ngozi za watoto hao. Mlango ulikuwa unachelewa kufunga, na kalsiamu ilikuwa inaingia kupita kiasi. Miaka michache baadaye Paşca aliunganisha oganoidi mbili za sehemu tofauti za ubongo, ili atazame seli zinavyosafiri kutoka moja kwenda nyingine. Seli za watoto wenye Timothy ziliruka mara nyingi zaidi lakini kila mruko ulikuwa mfupi, kwa hiyo zilihangaika sana na kufika kwa shida. Safari hiyo hutukia ndani ya tumbo la mama, na hakuna njia nyingine yoyote ambayo mtu angeweza kuiona ikitokea kwa seli za mtoto fulani mwenyewe.

Halafu mwaka 2024 kundi hilohilo lilichapisha kwamba limetengeneza kipande kifupi cha maada kinachofanana na vinasaba, ambacho huilazimisha seli itumie toleo la jeni lisilo na kosa. Kwenye visahani kalsiamu na safari vyote vilirudi karibu na kawaida, na kwenye panya waliopandikizwa seli za watu kalsiamu nayo ilirekebika. Dawa kwa watoto bado haijaidhinishwa. Ila tazama mwendo wake: ngozi, seli shina, nyuroni, kosa lenyewe, kisha kitu kinacholenga kosa hilo tu.

Unaweza kuuliza, watajuaje kwamba kasoro wanayoiona imetoka kwenye jeni ile, isiwe ni tofauti ya kawaida tu kati ya watu? Swali hili ni zito, na tafiti nyingi za mwanzo zililijibu vibaya kwa sababu zililinganisha watu wawili watatu. Siku hizi kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuchukua pia damu ya baba, mama au ndugu asiye na usonji. Flora Vaccarino wa Yale alifanya hivyo mwaka 2015 kwa familia zenye mtoto mwenye usonji na kichwa kikubwa. Oganoidi za watoto zilitoa seli za neva za kutuliza kwa wingi kuliko za wazazi wao. Njia ya pili ni mkasi wa CRISPR: unachukua seli za mtoto, unarekebisha herufi moja iliyokosewa, unaacha mengine yote kama yalivyo, kisha unazikuza sambamba na zile ambazo hazikurekebishwa. Kasoro ikitoweka kwenye zilizorekebishwa, umempata mhusika. Kwa hiyo wakikuomba na damu yako na ya baba watoto, usidhani wanatafuta wa kumlaumu. Wanahitaji kitu cha kulinganisha.

Tukifika kwenye lawama, basi tuizungumze hadi iishe, kwa sababu najua maneno ya "ukoo wa mama" yanavyokaa ndani ya nyumba. Uchambuzi wa watoto zaidi ya milioni mbili wa nchi tano, uliochapishwa 2019, ulikadiria kwamba takriban asilimia 80 ya tofauti kati ya watu katika uwezekano wa kuwa na usonji ni ya kijenetiki. Mama mkwe akisikia hivyo atasema, si nilisema? Lakini ya kijenetiki si lazima iwe ya kurithi kwa mtu fulani. Kila mtoto anayezaliwa duniani, wangu na wako, huwa na mabadiliko mapya ya herufi kama 60 au 70 ambayo baba hana na mama hana. Mengi hayana athari. Mara chache badiliko moja linaangukia kwenye jeni muhimu ya ubongo. Na kama tunataka kuhesabu, utafiti wa Iceland wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya mabadiliko hayo mapya hutoka kwenye mbegu za baba, yakiongezeka kama mawili kwa kila mwaka wa umri wake. Sikwambii hili ili umrudishie mama mkwe. Hakuna baba anayechagua herufi za mbegu zake. Na kwa watoto wengi mambo ni mchanganyiko: vitofauti vidogo vidogo vingi kutoka pande zote mbili, kila kimoja hakina uzito, vyote kwa pamoja vikavuka mstari. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2020 ulitaja jeni 102 zinazohusishwa na usonji kwa ushahidi mzito, na bado watoto wengi waliopimwa hawakukutwa na kosa katika hata moja. Mwanao anaweza kuwa mmoja wao. Ukikubali kwa ajili ya kumaliza ugomvi wa ukoo, utafiti huu hautakupa hukumu hiyo.

Kuna mambo mengine ambayo seli hizi haziwezi kuyasema, na mtu akikwambia zinasema yote usimwamini. Seli inaporudishwa nyuma, inasahau. Alama za umri na za maisha karibu zote zinafutika. Kama mtoto alichelewa kulia alipozaliwa, kama alipata manjano kali, kama alizimia kwa malaria, kisahani hakitakuonyesha. Kwetu hilo si dogo. Utafiti mdogo wa watoto wa Tanzania uliochapishwa 2006 ulieleza wachache ambao dalili zao zilionekana baada ya malaria kali. Kwa hiyo andika historia ya ujauzito, ya kuzaliwa na ya maradhi ya mwanao kwa ukamilifu, na uhakikishe inakwenda pamoja na damu. (Chanjo usiiweke kwenye orodha. Makala ya Wakefield ya mwaka 1998 iliyoanzisha hofu hiyo ilifutwa na jarida lililoichapisha mwaka 2010, na tafiti kubwa zilizofuata hazikuona uhusiano. Mdogo wake apate zake zote.)

Sasa nije kwenye sababu ya kusema utafiti huu una uzito zaidi kwenu. Mwaka 2022 kundi la Paola Arlotta wa Harvard lilichapisha kazi iliyochukua jeni tatu tofauti za usonji na kuziharibu moja moja kwenye oganoidi za watu mbalimbali. Jeni zote tatu zilivuruga ratiba: aina fulani za nyuroni zilikomaa kabla au baada ya wakati wake. Lakini ukubwa wa athari ulitegemea seli ni za nani. Kosa lilelile, ndani ya mtu huyu lilionekana sana, ndani ya yule kidogo. Maana yake ni kwamba vinasaba vingine vya mtu huyo vinalikoleza au vinalipunguza.

Sasa jiulize, hizo seli zinazotumika duniani ni za nani? Kwa sehemu kubwa ni za watu wenye asili ya Ulaya. Afrika ndiko kwenye tofauti nyingi zaidi za vinasaba kuliko mahali pengine popote, na ndiko kulikopimwa kidogo. Matokeo yake tunayaona hata kwenye vipimo vya kawaida: mtoto wa Kiafrika akipimwa jeni, mara nyingi jibu linarudi "tofauti hii haijulikani kama ina madhara", kwa sababu hakuna wa kumlinganisha naye. Mbegani, Chumbageni au Korogwe, mtoto wa Kidigo, Kisambaa au Kizigua anapewa jibu lililoandaliwa kwa data za watu wa mbali. Hili linaniuma. Si kwamba nashuku nia ya watafiti wa nje. Ni kwamba dawa zitakazotengenezwa miaka ijayo zitajaribiwa kwanza kwenye visahani, na kama kwenye visahani hivyo hatumo, hatutajua kama zinatufaa mpaka zimefika mwilini. Kazi imeanza, nashukuru. Mradi wa NeuroDev umekusanya vinasaba vya watoto wenye matatizo ya ukuaji wa ubongo Kilifi, Kenya, na Cape Town, Afrika Kusini. Kilifi ni jirani zetu kabisa, unavuka Horohoro, unapita Mombasa, umefika. Watu wa pwani moja.

Kwa hiyo ningekuwa mimi, ningekubali? Ndiyo, lakini kwa masharti, na masharti yenyewe nayasema kwa sababu seli hizi hazifi. Zikishatengenezwa zinagandishwa, zinaweza kuyeyushwa miaka thelathini ijayo na kutumwa nchi kumi. Mwaka 1951 hospitali moja ya Baltimore ilichukua seli za Henrietta Lacks bila kumuuliza. Zilizaa matrilioni ya seli, dawa na faida, na familia yake haikuambiwa kwa miaka mingi. Siku hizi kuna sheria za kuzuia hilo, lakini sheria inafanya kazi pale mtu anapouliza. Hapa Tanzania utafiti wa afya kwa binadamu unatakiwa uwe na kibali cha maadili cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), na sampuli zikitoka nje ya nchi pawe na mkataba wa kuzisafirisha ulioidhinishwa. Waombe wakuonyeshe. Fomu ya ridhaa iwe ya Kiswahili, usomewe, upewe nakala uende nayo nyumbani, ulale nayo. Uliza kama seli zitapewa kampuni za biashara, kama jina la mtoto litaondolewa, kama unaweza kujitoa baadaye na seli zitafanywaje ukijitoa. Uliza hasa hili: wakikuta kosa la jeni lenye maana kwa afya yake, kwa mfano la moyo au kifafa, watakuambia? Na nani atakueleza matokeo kwa lugha unayoielewa? Mtafiti mwema hachoshwi na maswali haya. Anayekuharakisha, mwache. Na mradi unaokutaka ulipie chochote si utafiti, usiuguse.

Na hapo ndipo tunapomfikia huyu muuza sindano. Si kitu kilekile, dada yangu, hata kidogo. Seli nilizozieleza hapo juu zinakaa kwenye kisahani. Hazirudishwi mwilini mwa mtoto. Yeye anakuuzia kitu cha kuingiza kwenye mshipa wa mwanao, na hujui kimetoka kwa nani, kimehifadhiwaje, wala kama kina seli kweli. Wapo waliojaribu jambo hili kwa uaminifu: Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, kiliwapa watoto 180 wenye usonji damu ya kitovu yenye seli shina au kimiminika cha kulinganishia kisicho na seli, na matokeo yaliyochapishwa 2020 yalionyesha kwamba kwenye kipimo kikuu, ujuzi wa kuchangamana na wenzake, hapakuwa na tofauti ya maana. Hiyo ni hospitali yenye kila kifaa. Sindano ya kichochoroni inaweza kumletea mtoto maambukizi ya damu. Hiyo pesa iweke kwa mtaalamu wa matamshi na wa tiba ya vitendo, kwa miezi mingi mfululizo, na utaona kitu.

Kabla ya utafiti wowote, hakikisha mwanao amepimwa usikivu ipasavyo. Nashangaa ni watoto wangapi hawajawahi. Kisha muulize daktari wa watoto pale hospitali ya Bombo kuhusu rufaa ya kwenda Muhimbili, na muulize waziwazi kuhusu kipimo cha jeni cha Fragile X (ugonjwa wa kurithi wa jeni moja unaohusishwa na usonji), hasa kama ni mvulana. Jibu la kipimo hicho, likiwa ndiyo, litakuwa na maana hata kwa dada na binamu zake wanaopanga kuzaa, na halihitaji seli shina yoyote.

Na huyu mdogo wa mwaka na nusu hukumuulizia, lakini nadhani ndiye unayemtazama kila asubuhi. Mtoto mwenye ndugu mwenye usonji ana uwezekano wa kama mmoja kati ya watano wa kuwa nao pia, maana yake wanne kati ya watano hawana. Umri wake ndio hasa wa kuangalia: anageuka ukimwita jina? Anakuonyesha kitu kwa kidole ili na wewe ukione, si kwa kukitaka tu? Anakutazama usoni mnapocheza? Kama lipo linalokutia shaka, mpeleke kliniki wiki hii. Mazoezi ya lugha na michezo yakianza mapema yanamsaidia iwe ana usonji au hana, na hayangoji matokeo ya maabara ya mtu yeyote.